Lori Lililorudi Nyuma

Asubuhi Euphrasia alimwita mdogo wake Mourine mwongo kwa kusema dunia ndiyo huzunguka jua, na mtoto akaenda shule bila kumuaga. Euphrasia huuza chai kwenye foleni ya malori mpakani Malaba. Kila siku huhamisha kiti akifuata kivuli, basi jua analijua: ndilo linalotembea.

Mchana alipanda lori la dereva Okwakol kumpa chai, mara akashika mlango.

"Boss, kanyaga breki, tunarudi nyuma."

"Mama chai, hata sijawasha. Ni huyo wa lori jirani anasonga mbele."

Euphrasia akatazama mlingoti wa stima kando ya barabara. Ulikuwa palepale.

Jioni alimkuta Mourine bado amenuna.

"Sijasema umeshinda," alimwambia. "Lakini macho yangu yamenidanganya leo. Hebu nieleze tena."