Waya wa Mlango wa Nne

Kisanduku cha sita katika fomu ya kuombea hataza, haki ya kumiliki ubunifu, kilikuwa kitupu kwa siku ya tisa mfululizo. Vingine vyote Palupi, fundi wa umeme kiwandani, alikwisha kuvijaza kwa mwandiko wake mnyoofu: jina la mbunifu, michoro ya nyaya, maelezo ya programu hatua kwa hatua. Kilichosalia kilikuwa na swali moja tu. Ni tatizo gani lililokufanya ubuni kitu hiki?

"Hapo ndipo tunapokwama, Mbak Palupi," alisema Bu Melani, wakili wa hataza aliyefika asubuhi ile kutoka Surabaya. "Umeandika kwamba swichi ya mlango inaweza kukidanganya kidhibiti. Umejuaje? Kuna mlango uliodanganya?"

"Huwa inatokea viwandani, Bu."

"Kiwanda gani?"

Pak Danardono, mkurugenzi, akacheka kidogo kutoka upande wa pili wa meza. "Andika kiwanda chochote tu. Andika kiwanda cha karatasi. Nani ataenda kukagua?"

"Mimi nitaenda," alijibu Bu Melani bila kucheka. "Sahihi yangu inakaa chini ya yake, Pak."

Palupi aliinamisha macho. Jibu la swali lile alikuwa nalo, tena lilikuwa ndani ya mkoba wake, katika kikopo cha dawa ya mafua: kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole.

Katika Kiwanda cha Sukari cha Sumberwaru, rola kubwa za chuma zinazokamua miwa huamrishwa na kidhibiti, kompyuta ndogo isiyo na macho wala masikio, iliyofungiwa ndani ya kabati. Yote inayoyajua huletewa na nyaya. Mlango wa kinga ukifungwa, swichi hupeleka umeme, na kidhibiti huamini kwamba hakuna mkono wa mtu karibu na rola. Mlango ukifunguliwa, umeme hukatika, na rola husimama papo hapo. Lakini fundi akiunganisha ncha mbili za swichi kwa kipande cha waya, umeme haukatiki kamwe, na kidhibiti huendelea kuamini hata mlango ukiwa wazi kama kinywa cha mtu aliyelala. Mafundi huuita waya huo daraja.

Na kila mwaka, kwa siku moja, Sumberwaru ilihitaji daraja. Hakuna mtu pale ambaye angethubutu kuanza msimu wa kusaga bila harusi ya miwa. Miwa miwili mirefu, mume na mke, huvishwa batiki, hupewa majina, huozwa mbele ya wazee, kisha hulishwa kwa mkono katika rola kabla ya muwa mwingine wowote. Kwa desturi mkono huwalisha maharusi kwa kupitia mlango wa nne, nao mlango wa nne ukiwa wazi rola hazizunguki. Kwa hiyo Pak Wagiman, fundi mkuu wa umeme, alikuwa akitia daraja asubuhi ya harusi na kuliondoa baada ya dua.

Miaka miwili iliyopita alikuwa amemwambia Palupi, "Nduk, binti yangu, leo mgongo unaniuma. Liondoe wewe." Palupi akaitikia. Kisha akaitwa kupiga picha na wageni, picha ikazaa chakula, chakula kikazaa mazungumzo, na waya ukabaki pale pale.

Siku ya kumi na moja ya msimu, miwa ilikwama. Sarpin, mlishaji miwa wa zamu ya mchana, alifanya alivyofundishwa: alifungua mlango wa nne ili rola zisimame. Hazikusimama, zikamnasa mkono. Watu walipokuwa wakipiga kelele na kumvuta, Palupi alikimbilia kabatini, akauona waya, akaung'oa, akautia mfukoni. Mkono ulifanya hivyo kabla ya akili kuuliza. Lakini siku zilizofuata akili ilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuuliza, na hakuurudisha. Wakaguzi waliijaribu swichi, wakaikuta nzima. Wakaandika kwamba marehemu aliingiza mkono kabla mtambo haujasimama, kwa uzembe wake mwenyewe.

Tangu hapo, kila Jumatatu, kipaza sauti cha uwanjani kiliwasomea wafanyakazi kanuni za usalama na kumalizia kwa maneno yale yale: "Msiwe kama Sarpin." Jina likageuka mzaha. Aliyesahau kofia aliulizwa, "Vipi, unataka kuwa Sarpin?" Na mjane wake, Bu Ngatinah, aliyeuza pecel penye lango la kiwanda, aliyasikia yote huku akimwaga mchuzi wa karanga juu ya mboga.

Palupi alikula pale kila siku. Hakuweza kusema, wala hakuweza kutokwenda. Alichoweza ni kubuni. Kwa muda wa mwaka mzima alikifundisha kidhibiti kutoamini. Katika programu yake, mlango unaosema daima kwamba umefungwa hauhesabiwi kuwa mwaminifu; unahesabiwa kuwa haujajibu. Kabla ya kila zamu, kila mlango lazima ufunguliwe na kufungwa, kidhibiti kiuone umeme ukikatika na kurudi. Mlango usiokata umeme hata mara moja huzuia mtambo wote. Watu walimsifu. Naye kila aliposifiwa alihisi kama mtu anayepewa pole ya msiba alioufanya mwenyewe.

"Kesho baada ya harusi nataka kisanduku hicho kimejaa," Bu Melani alisema, akafunga faili.

Asubuhi ya harusi uwanja ulijaa. Wakulima walikuja na wake zao, wapiga gamelan walikaa chini ya turubai na kengele zao za shaba, na miwa miwili ililazwa kitandani kama wana wa wakubwa. Bwana harusi aliitwa Bagus Rosan, bibi harusi Rara Legi.

"Mwaka huu bibi harusi mnene kuliko mume," alinong'ona mama mmoja.

"Kama kwako tu, dada," akajibiwa, na kicheko kikapita katika safu ya wanawake.

Dua ikasomwa. Maharusi wakabebwa hadi kwenye rola, mlango wa nne ukafunguliwa kwa heshima, na Pak Danardono akabonyeza kitufe cha kijani. Mtambo ukakaa kimya. Akabonyeza tena. Juu ya kabati ikawaka taa ya manjano, na kwenye kioo kidogo yakatokea maneno ambayo Palupi mwenyewe aliyaandika: Mlango wa nne haujajibu.

Palupi alielewa mara moja. Akamtazama Pak Wagiman, naye mzee uso ulikuwa umemshuka.

"Nimelitia daraja, nduk," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka thelathini natia. Programu yako nimeiweka kwa mikono yangu, lakini leo mkono umekwenda wenyewe."

Nyuma yao minong'ono ilianza. "Ni Sarpin huyo. Anaukataa msimu." "Hata baada ya kufa mzembe yule anatuchelewesha!" Wengine wakacheka, wengine wakatema mate kando kujikinga.

Pak Danardono alisogea, tabasamu la wageni likiwa bado midomoni. "Mbak, izime hiyo programu yako. Dakika tano tu. Maharusi waingie, halafu uirudishe."

Nenosiri lilikuwa kwenye ncha za vidole vyake. Dakika tano. Hata ile siku nyingine ilikuwa dakika tano tu, za picha. Palupi alifungua mkoba, akakitoa kikopo cha dawa.

"Siizimi, Pak. Imesema kweli."

"Unasema nini?"

Palupi alikwenda kwa msoma dua, akainama kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa, akaomba kipaza sauti. Alijua kwamba sauti yake ingefika hadi langoni, maana sauti za Jumatatu zilikuwa zikifika. Jina lililochafuliwa kwa chombo kile lilistahili kuoshwa kwa chombo kile kile.

"Mlango wa nne una daraja," alisema. "Mwaka juzi pia ulikuwa na daraja. Lilitiwa kwa ajili ya harusi, na mimi ndiye niliyeagizwa kuliondoa. Sikuliondoa. Sarpin alifungua mlango kama kanuni inavyotaka. Hakuwa mzembe. Mtambo ulimdanganya, na baadaye mimi nikawadanganya ninyi, kwa sababu waya niliuficha. Huu hapa."

Pak Wagiman alijitokeza mbele. "Daraja ni mkono wangu! Msimlaumu huyu mtoto. Mimi nilihesabu nyaya zangu, nikaona mmoja haupo. Sikuuliza."

"Ulinikabidhi kazi, Pak," Palupi alisema. "Kazi ikawa yangu."

Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo, hata mkurugenzi. Mwishowe Pak Wagiman ndiye aliyekwenda kabatini, akang'oa daraja lake mbele ya macho yote, akaufunga mlango wa nne, akaufungua, akaufunga tena. Taa ya manjano ikazimika. Msoma dua alisema kwamba maharusi si lazima waingie kwa mlango. Wakapandishwa ngazi, wakateremshwa kwa juu, katika mdomo wa kulishia. Rola zikazunguka.

Palupi aliusikia mngurumo huo akiwa njiani kuelekea langoni. Pak Danardono alikuwa amemwambia asiguse tena kitu chochote mpaka ofisi kuu iamue, naye alikuwa ameitikia.

Bu Ngatinah hakuwa na mteja. Alikuwa amesimama, kijiko cha mchuzi mkononi, mchuzi ukidondoka juu ya meza.

"Ulikula hapa jana," alisema.

"Ndiyo, Bu."

"Na juzi. Nakuuliza pilipili, unasema kidogo, Bu. Miaka miwili unaniambia kidogo, Bu."

"Ndiyo."

"Mwanangu aliacha shule hii ya hapa. Walimwita mtoto wa mzembe. Nami nilimwambia avumilie, baba yake alikosea." Alikiweka kijiko chini polepole. "Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu, Mbak."

Palupi angeomba radhi, lakini aliona kwamba kuomba radhi wakati ule kungekuwa kumtwisha mjane mzigo mwingine, wa kujibu.

"Hebu nione."

Palupi akautoa waya. Bu Ngatinah akaulaza katika kiganja, akaupima kwa kidole chake cha shahada, kuanzia ukucha hadi shinani.

"Huu tu?"

"Huu tu, Bu."

Mjane akaufunga ndani ya jani la mgomba, kwa mkunjo ule ule wa kufungia chakula, akautia kifuani. "Jumatatu nitasimama hapa nisikilize watasema nini. Wewe usije kula kwangu. Nikitaka uje, nitakuita. Nisipokuita, usiulize."

"Sitauliza."

Bu Melani alimkuta Palupi ameketi kwenye benchi la walinzi, fomu juu ya magoti. Alimpa kalamu, akageuka kutazama barabara. Palupi alianza kukijaza kisanduku cha sita. Hakuanza na swichi, wala na kidhibiti. Aliandika jina kamili la mtu, akarudi nyuma kuhakikisha kwamba kila herufi inasomeka, ndipo akaendelea.