Mama Hapiti Tena Kwetu

Bwana wangu Josias alirudisha nyuma kamioneti yake ya saruji bila kutazama, akaibonda teksi ya mama yangu mzazi pale karibu na daraja la Lukuga. Cyrille, dereva wa mama, akaomba karatasi ya bima. Ile iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa ya mwaka jana. Pesa ya mwaka huu tulinunulia tairi. Josias alisema, "Asiransi ni karatasi tu. Tairi njo inatembea." Nami nilicheka.

Fundi alipotaja bei ya kutengeneza teksi, tuliona hatuiwezi. Kamioneti nayo polisi walikuwa wameizuia, na ndiyo iliyotulisha.

Mtu mwingine angekuja mlangoni kutudai, tugombane, yaishe. Lakini kwetu mama mkwe hamdai mkwe wake, hata usoni hamtazami; wakikutana njiani kila mmoja anageukia upande wake. Kwa hiyo mama alinyamaza. Teksi ikakaa juu ya mawe uani kwake, na yeye, aliyezoea kupeleka ndagala zake, wale samaki wadogo wa kukausha, sokoni kwa gari, akaanza kujitwika beseni na kupita mbele ya nyumba yetu. Josias akisikia kandambili zake, anajificha chumbani kama mwizi. Mimi nilibaki na ufagio mkononi, nikiona haya mpaka masikio yanawaka.

Halafu akaacha kupita.

"Mama amekasirika," Josias akasema tukiwa tunakula. Niliona uso wake umepata nafuu kidogo, na hapo ndipo hasira iliponipanda.

"Hakukasirika. Anazungukia njia ya reli na ule muzigo, sababu hataki umuone anabeba."

Akarudisha tonge kwenye sahani. Hakula tena siku hiyo, na mimi sikumbembeleza.

Kesho yake nilimngoja mama kando ya reli. Aliponiona alisimama, akanipa beseni bila kuuliza kitu, nikajitwika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na maji ya samaki yalinichuruzika shingoni. Tulipokaribia soko akanishika mkono.

"Léontine, mutoto wangu, mukwe wangu asijue kama napita huku. Atasikia haya."

"Ndiyo, mama," nikasema.