Pembe Zenye Matawi

Jumanne, tarehe tisa Februari, saa mbili asubuhi, buldoza la manispaa ya mji wa Pindi liliibomoa karakana ya Ustadi Nazakat, mchoraji wa malori, likazifukia karatasi zake zote. Hizo ndizo zilizomlisha: sura za simba, tausi na kware, zilizotobolewa kwa sindano na marehemu mkewe Shamshad, kitundu kwa kitundu. Ukizipaka unga wa mkaa, mchoro unahamia kwenye bati. Wakubwa walisema wanasafisha mji. Mji wenyewe mifereji inanuka mpaka mlangoni kwao, lakini uchafu waliouona ni yeye.

Haji Sakhi, mwenye lori lililokuwa likingoja kuchorwa, hakuwa na subira.

"Ustadi, kesho jioni nione nyuma ya gari langu kitu ambacho barabara nzima hadi Karachi haijakiona. La sivyo nabandika stika."

Stika! Miaka thelathini na mbili ya brashi ife kwa stika?

Kulipokucha Nazakat akaingia Landa, soko la mitumba. Hakutafuta nguo, alitafuta picha. Akapekua shuka, mabegi, sinia za bati, kalenda zilizokwisha mwaka.

"Ami, unanunua au unakagua kama mtu wa forodha?" akatania Tufail, muuza masweta.

"Wa forodha angekuwa keshakula chake. Nipe lile jekundu."

Kifuani mwa sweta alisimama mnyama kama paa, pembe zimechipuza matawi, theluji ikimwangukia.

"Huyu nani?"

"Mimi nauza sufu, ami, siuzi ukoo wa wanyama."

Nazakat akacheka peke yake. Matawi bila jani hata moja! Waliofuma walikuwa wavivu, kazi wakaiacha njiani. Yeye angeimaliza.

Bila karatasi, kwa mkono mtupu, akamjaza mnyama bati zima. Kwenye zile pembe akatundika majani mapana ya mchinari, mti wa kwao, makomamanga mekundu na kiota cha kware.

Jioni Haji Sakhi akalizunguka lori mara tatu. Madereva wakajaa, wakaanza kubishana.

"Ni paa."

"Paa wa kwa babu yako?"

"Na hayo makomamanga anayamwagilia nani?"

Nazakat akaosha brashi zake. Hakumwuliza mtu kama kapendezwa.

"Ndugu yangu analeta lori lake Jumamosi," Haji akasema hatimaye. "Tutakuwa tunafuatana njiani. Yeye mchoree jike." Akakuna ndevu. "Hivi jike lake likoje, ustadi?"