Chachu ya Mkate wa Khitma

Mkate wa mchele alioupeleka Zeyana kwenye khitma ya arobaini ya marehemu Alawi ulisifiwa mpaka sinia likabaki tupu. Ulikuwa umeumuka vizuri, una vitundu kama sega la nyuki, unanukia iliki. Wanawake walikuwa wamejaa mkekani, na Somoe, jirani yake, akamuuliza mbele ya wote:

"Umeufanyaje, shoga?"

Zeyana akaeleza kwa raha. Mchele aliuroweka tangu jana, akausaga laini kwa tui zito, akatia sukari na iliki, halafu hamira. Ukishaumuka huumimina sufuriani; moto kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko.

"Na hiyo hamira umeipata wapi? Madukani haipo tangu mwezi wa Mfungo Mosi, Idi ilipopita."

Hamira Zeyana hakuwa nayo. Juzi alikwenda kwa Kombo, mgema wa njia ya Kaole, akanunua chupa ya tembo la mnazi akaificha ndani ya kanga. Tembo ndilo lililouumua ule mkate, na wasomaji wa khitma walikwisha kuula.

"Kaka yangu kaniletea kutoka Unguja," akasema.

Bimdogo, mjane wa marehemu, akainua uso.

"Mwanangu, nigawie japo kijiko. Tangu Alawi afariki chakula hakinipiti, lakini mkate wako nimeula."

"Nitakuletea, bibi."

Siku ile Zeyana hakutia kitu kinywani. Asubuhi yake akaenda kwa Bimdogo mikono mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisimama mlangoni, macho chini, akayatoa yote: tembo la Kombo, na kaka ambaye hakuleta kitu.

Bimdogo akamwashiria akae.

"Kabla hizi hamira za kopo hazijaja, mama yangu akiumua mkate kwa tembo, na mama yake vilevile. Ndivyo nilivyoukuta mkate mimi. Ungeniambia, ningekula au ningeacha, lakini ningejua." Akashusha pumzi. "Mimi nimo edani, Zeyana. Umenitazama usoni ukanidanganya. Hilo ndilo lililoniuma."

"Niwie radhi, bibi."

"Nimekuwia. Ila wenzangu waliokula hawajui."

Zeyana akaanza na Somoe, kisha nyumba moja baada ya nyingine. Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, akaurudisha mlango taratibu, na wiki mbili hakuitika salamu yake. Mwanvita alicheka tu, akasema shangazi yake hufanya hivyo mpaka leo. Zeyana hakuweza kucheka naye.

Hamira iliporudi madukani, watu walimwomba tena ule mkate kwenye shughuli zao. Alisema mkono wake umechoka. Kwenye shughuli hizo alikuwa akifika mapema, akaenda moja kwa moja uani kuosha vyombo, na akimaliza aliondoka kabla wanawake hawajakaa kula.