Jina Lisilo na Mwenzake

Mtoto wa Eness alikuwa amekataa kunyonya, na sisi wanawake wa Kabuta tulikuwa tumeketi nyumbani kwa mama mkwe wake tukibishana juu ya wafu. Ndiyo desturi ya upande huu wa Ziwa Mweru. Mtoto mchanga akilia na kulisukuma titi, watu husema kuna marehemu wa ukoo aliyekuja naye, anataka jina lake litajwe. Basi bibi wa mtoto humtajia majina ya marehemu sikioni, moja baada ya jingine. Akilifikia lenyewe, mtoto hunyonya, naye hufungwa ushanga mweupe mkononi. Hilo huitwa jina la kitovu. La ubatizo huja baadaye, na mchungaji haulizi lililotangulia.

Mimi kwetu ni Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na nilipoolewa huku desturi hiyo niliicheka. Siku hiyo sikuwa na kicheko.

Bibi wa mtoto alikuwa Chalwe, lakini wote tulimwita Bana Kingsley, mama yake Kingsley, kwa kuwa huyo ndiye mwanawe wa pekee. Alianza na Kapembwa, mwindaji wa viboko, ambaye kila mzee wa hapa hudai aliwahi kula nyama ya mawindo yake. Mtoto akalia. Akataja Nsama, aliyevushwa mto Luapula mgongoni mwa dada yake walipowakimbia wakamata watumwa. Mtoto akalia zaidi. Akamtaja hata marehemu shangazi Maggie, aliyeitwa hivyo kwa sababu mke wa mmisionari, mwenye jina hilo, alimpa mama yake mche wa sabuni. Jirani mmoja akauliza kama mzimu wenye jina la Kizungu unasikia Kibemba, tukatabasamu kidogo. Kisha Bana Kingsley akarudi tena kwa Kapembwa, kana kwamba mwindaji yule hakuwa amesikia.

Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, na kilio chake kilikuwa kimepungua nguvu. Kila mtu mle ndani alijua ni jina gani lililobaki. Hakuna aliyethubutu kulisema.

Miezi michache kabla, mwaka ule Wazungu walipotuunganisha na nchi jirani katika Federesheni, Kingsley alivuka kwenda kambi za wavuvi za Chisenga. Mtumbwi wake ulikutwa umepinduka kwenye matete. Yeye hakuonekana. Mama yake alisema ameogelea hadi Kongo, amepata kazi katika migodi ya Elisabethville, atarudi na baiskeli. Akakataza msiba. Eness, mkewe, aliyeachwa na mimba, hakuruhusiwa kuomboleza wala kuitwa mjane. Mimi niliwahi kumwambia Bana Kingsley kwamba ukaidi haufufui mtu, akanifukuza kwake. Kesho yake nilirudi kuomba moto, akanipa bila kunitazama.

Jina lenyewe lilitoka kwa mpimaji ardhi wa Kizungu aliyepiga kambi ufukweni mwaka aliozaliwa Kingsley. Baba yake alimbebea mpimaji huyo vyombo, akampenda kwa sababu alikuwa anawaaga wapagazi wake mmoja mmoja kila jioni. Tangu Kabuta hadi Mununga hapakuwa na Kingsley mwingine. Bana Kingsley alizoea kututania kwamba majina yetu ni nguo za mitumba, tumevalishwa baada ya wengine kufa, ila la mwanawe lilikuwa jipya.

Eness alikuwa ameninong'oneza kwamba, alipokuwa mjamzito, alimwota mumewe akiingia nyumbani na nguo zinazotiririka maji, akakaa bila kusalimu. Hapa kila mwanamke anajua maana ya ndoto kama hiyo. Hakumwambia mama mkwe wake, alimwogopa.

Basi nilisogea karibu na Bana Kingsley, nikasema naye kwa Kiswahili. Alikijua vizuri kwa kuwauzia samaki wafanyabiashara wa Kigiriki kule Kasenga, upande wa Kongo. Wenzetu hawakukifuata sana.

"Bana Kingsley, jina imebakia moja."

"Ile haiko ya mufu," akajibu. "Mutoto wangu eko Kongo."

"Na huyu pia ni mutoto yako. Anakufa na njala mbele ya macho yako."

Alimtazama mjukuu wake.

"Kama ingekuwa Mpundu ao Ngosa, jina ya watu wengi," akasema, "ningeita, na mu moyo niseme ni mutu wa zamani, haiko yeye. Lakini hii jina iko na mutu moja tu. Nikiita, na mutoto anyonye, nitangoja nani tena?"

Nilifunua nguo iliyomfunika mtoto sikio.

Alimchukua mtoto kutoka kwa Eness, akaweka kinywa chake kwenye sikio lile dogo. "Kingsley," akasema. Mtoto aliendelea kulia. Nikaona furaha ikimjia Bana Kingsley usoni, na furaha ile iliniumiza kuliko machozi, kwa maana njaa ya mtoto ilikuwa palepale. Akamrudisha kwa mama yake upesi, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Eness akampa titi. Mtoto akalishika, akanyonya.

Jirani mmoja alipiga kigelegele, kwani ndivyo inavyofanywa jina likipatikana, kisha akakikata katikati na kuufunika mdomo wake. Bana Kingsley alitoa ushanga, akaufunga kwenye mkono wa mtoto akiuangalia uzi tu. Alipomaliza alitoka nje, akaanguka mchangani, na sauti aliyoizuia miezi yote ile ikatoka. Alimwita mwanawe akielekeza uso ziwani. Wanawake wakamfuata, wakajitupa chini pamoja naye, na kutoka nyumba za jirani watu wakaanza kuja msibani.

Mimi nilibaki ndani na Eness. Mke ndiye mwenye haki ya kupaza sauti kuliko wote, naye alikuwa amezuiwa muda mrefu. Sasa alikuwa ameruhusiwa, lakini mtoto alikuwa ananyonya. Aliuma pindo la kitenge chake, machozi yakimdondokea kifuani, akalia bila sauti mtoto asije akaliacha titi.