Kunguru Hajagusa Wali wa Moru

...na kunguru yupo, si kwamba hayupo, ametua juu ya ukuta wa hekalu anautazama wali wetu kama mgeni aliyekwisha kula kwingine, na hatuwezi kurudi nyumbani mpaka auguse, siku ya kumi ya msiba ndivyo ilivyo, marehemu hula kwa mdomo wa kunguru, asipokula ana jambo moyoni, na walio hai wajitokeze mmoja mmoja wamwahidi... Pramila, mke wa mdogo wangu Moru, ameshaahidi, atamwozesha binti vizuri, kunguru akageuza shingo akatazama mto... "Moru, vitabu vyako hatutaviuza kwa kilo," amesema binamu yetu Shripad, "au basi tumwambie kwa Kiingereza, maana Kimarathi naona hasikii," na Baba Mdogo Dattu akamkemea, "Nyamaza wewe, kunguru wa hapa Wai na Kiingereza wapi na wapi," watu wakacheka chini chini, hata Moru angecheka, maisha yake yote akitunga mashairi kwa lugha ambayo mama yetu hakuijua hata ya kuombea maji, "Mwanangu anaandika nini?" aliniuliza siku moja akichambua dengu, nami niliyeishia sekondari nikamsomea polepole nikigeuza kwa Kimarathi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni mambo ya humu humu ndani"... ndiyo, ya humu ndani, na aliyempa mambo hayo ni mimi, kila shairi lilianza na simu, "Tai," ndivyo alivyoniita, kwetu ndiyo dada mkubwa, "Tai, mlango wa jikoni ulikuwa rangi gani, Tai, baba alipofukuzwa kazi tulikula nini," namjibu, kijani, mkate wa mtama na chumvi, sikumpa kamwe nisilokuwa na hakika nalo, mpaka nikampa la kisima, na hilo sikumpa aliandike, nilimpa kwa sababu mama alikuwa amekufa na nimechoka kulibeba peke yangu, kwamba mwaka ule baba alipofukuzwa kazi mama alisimama ukingoni mwa kisima asubuhi, bila ndoo, nami nilikuwa na miaka saba, nikashika pindo la sari yake, sikulia, nilishika tu, hata akageuka akasema, "Twende, uji utaungua," na hapakuwa na uji... halafu hospitali, Moru na mpira wa hewa puani, ananipa karatasi, nasoma, kisima kile, pindo lile, ila anayelishika ni yeye, na ndilo shairi la kufungia kitabu chake cha mwisho, "Moru, ulikuwa unanyonya," nikamwambia, "aliyeshika ni mimi," akasema, "Najua, Tai. Nipe. Usiporidhia, lisichapishwe," nikamwambia hilo si lako, akafumba macho, hakuniomba tena... na kuhani ameanza kusokota majani makavu, kunguru hai akikataa husokotwa wa majani, akagusishwa wali, yakaisha, na hakuna tena wa kumuuliza Moru kama ameshiba... "Bado nani?" Shripad anasema, "Sharayu-tai, huna neno? Wewe ndiye uliyemdekeza," na Pramila ananitazama, anajua, mchapishaji wa Mumbai anangoja kauli yangu... neno ninalo, neno ni kwamba mimi ndiye niliyemrudisha mama, mengine yote ya nyumba hii, harusi, misiba, nani alisema nini, niliyaona tu, hilo moja nililitenda, nilishika pindo, mkono wa kulia wa mama ulikuwa kwenye jiwe la kisima, na wa kushoto... wa kushoto ulikuwa wapi, ngoja, nyanya alikuwa amesafiri kwenda Satara, hapakuwa na mtu wa kuachiwa mtoto, wa kushoto ulimpakata Moru, alikuwa kiunoni, nauona unyayo wake unaning'inia juu ya maji, mbona siku zote nikisimulia nasema mama na mimi, mama na mimi, na yeye alikuwa pale, angezama naye, na ngumi yake imezama ndani ya sari ile ile, kifuani, mtoto anyonyaye hushika, basi mama alizuiwa na nani, mimi wa chini au yeye wa juu, sijui, nami si mtu wa kusema sijui... "Tai?" Shripad anaita, kunguru bado yuko ukutani, anajikuna chini ya bawa, kuhani anakaza fundo la shingo ya yule wa majani, nafunika kichwa, nasogea mpaka kwenye wali, kwa sauti sitasema, haya si ya Shripad, Moru, shairi litoke kama ulivyoliandika, na atakayeniuliza nani alishika nitamwambia ni ndugu yangu, alikuwa mdogo, lakini alishika.