Ndege wa Kurasa za Mwanzo

Mkanda wa picha niliuweka mimi mwenyewe juu ya dari ya jikoni, palepale ninapoweka mbegu za maharage. Ilikuwa Novemba mwaka 1996, na mvua za vuli zilikuwa hazituachi. Kila kitu pale kwetu Kirua kilikuwa kimeota ukungu, hata viatu vya kanisani. Mume wangu Gidioni alinipa ule mkanda ndani ya kikopo chake cheusi, akasema, "Mama Evelyn, nitunzie hii filamu. Isipate unyevu."

Sasa kwetu kitu kisichotakiwa kupata unyevu kinakaa wapi? Kinakaa juu ya moto. Mbegu ziko huko, mahindi yako huko, hata cheti changu cha kipaimara nilikitunza huko miaka mingi ndani ya bati. Nikapanda ngazi, nikakiweka kikopo katikati ya maharage, nikashuka nikiwa nimeridhika kabisa.

Siku ya tano Anaeli, jirani yetu, mke wa Eliaichi, alikuja kunisaidia kuteremsha maharage. Huyo binti ana moyo. Akiniona tu nimeshika ngazi ananinyang'anya na kupanda yeye. Alipofika juu akapiga kelele.

"Mama! Hii si filamu?"

"Ndiyo, ya Baba Evelyn. Iache hapo, isipate unyevu."

"Mama, joto linaiua hii! Umeikausha kama ndizi!"

Nilikaa chini palepale, kwenye kigoda cha kukamulia. Maana mkanda ule haukuwa wa mchezo.

Gidioni alikuwa kiongozi wa wageni mlimani kwa miaka thelathini na mmoja. Mgeni mmoja, mama wa Kiswidi aliyependa ndege kuliko kilele chenyewe, alimwachia kitabu cha ndege chenye picha za rangi. Tangu hapo kila ndege aliyemwona alimwekea alama ya penseli. Ndege wa msituni, wa kwenye majani mafupi, wa kule juu kwenye mawe, wote walikuwa na alama. Kurasa za mwanzo tu ndizo zilikuwa safi, kwa sababu kitabu kile kinaanza na ndege wa bahari. Weupe wenye mabawa marefu, weusi wenye midomo ya njano, wengine migongo kama majivu. Bahari alikuwa hajaiona hata siku moja, wala mimi.

Tangu alipostaafu, neno lake lilikuwa hilo moja: kabla hajafa awaone ndege wale kwa macho yake na kuwapiga picha. Binti yetu Evelyn ameolewa Tanga, na yeye ndiye aliyeandika kwamba kuna mwenye boti anayejua fungu la mchanga wanakopumzika kwa maelfu maji yakijaa. Tungeondoka wiki ya pili ya Januari. Mgeni mwingine alikuwa amempa kamera zamani. Tulinunua mikanda mitatu: miwili ya bahari, mmoja wa kujifunzia. Ule wa kujifunzia ndio nilioukausha.

Na safari yenyewe aliipanga kama ya kupanda kilele cha Kibo. Siku ya kwanza tunafika hapa, siku ya pili tunapumzika ili mwili uzoee, chakula kiasi hiki, maji kiasi hiki. Alikuwa ameshakunja masweta mawili na soksi nzito.

"Soksi za nini, Baba Evelyn? Tanga kuna joto la kuivisha mayai."

"Kwenye maji kuna upepo."

"Upepo wenyewe ni wa moto, Evelyn kasema."

"Evelyn hajawahi kuongoza mtu popote," akajibu, akaongeza kofia ya sufu.

Nilicheka siku ile. Sasa nikiwa kwenye kigoda sikuwa na cheko. Nilimwomba Anaeli asiseme neno kwa mtu, nami kesho yake alfajiri nikamwambia mume wangu naenda sokoni, nikashuka Kiboriloni na kikopo nimekifunga kwenye pindo la kitenge.

Mpiga picha pale alikuwa Remigius, mtu wa makamo mwenye studio nyuma ya maduka ya mitumba. Aliniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza habari ya dari na maharage bila kunicheka. Kumbe kucheka alitaka, niliona mashavu, lakini alijizuia. Aliagiza chai nikiwa sijaomba.

"Bibi, tutaona. Filamu nyingine ni sugu. Urudi saa nane."

Nilizunguka soko zima bila kuona ninachokitazama. Saa nane nilirudi. Remigius alikuwa amezipanga picha mezani, na uso wake haukuwa ule wa asubuhi.

"Zimeungua?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Joto limezigeuza nyekundu kidogo, lakini zinaonekana. Umeponea." Akagusa ukingo wa picha moja. "Zilipigwa na nani?"

"Na babu yenu. Mume wangu."

Alizisogeza mbele yangu. Zilikuwa thelathini na sita. Nilitazama ya kwanza: jani la mgomba. Ya pili: ukuta wa zizi na mkia wa ng'ombe. Ya tatu: mbingu tupu. Ya nne ilikuwa na ndege, yule mweusi mwenye mkia mrefu anayekuja kwenye maua ya migomba, lakini alikuwa pembeni kabisa, amekatwa nusu. Ya tano hivyohivyo. Ndege yupo ukingoni, kila mara upande uleule wa kushoto, na katikati hamna kitu.

Kisha nikafika kwenye yangu. Siku hiyo naikumbuka. Alinisimamisha mlangoni, nikavaa kilemba cha Krismasi, nikatabasamu hadi taya zikauma, naye akasema, "Hapohapo, umependeza sana." Kwenye picha kulikuwa na mwimo wa mlango, umetoka vizuri, hata misumari inahesabika. Pembeni ulikuwepo mkono wangu, kuanzia kiwiko kushuka chini.

"Bibi," Remigius alisema taratibu, "kamera ni nzima. Mkono wake hautikisiki, tazama picha zilivyotulia. Lakini huyu mzee kile anachokitazama hakioni."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia mume wangu anakata majani ya ng'ombe mwenyewe, anapita kwenye daraja la mfereji bila fimbo, anaweka masweta kwenye begi. Nilisema kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Remigius hakubishana nami. Alizifunga picha kwenye bahasha, ile yangu akaiweka chini kabisa, akanisindikiza hadi kwenye gari na kumwambia utingo anishushe taratibu.

Njia nzima nilikuwa najibishana na nafsi yangu. Miezi kadhaa alikuwa ananiambia, "Soma wewe barua ya Evelyn, miwani yangu imelegea." Nilidhani ni mapenzi, anataka kuisikia kwa sauti yangu. Nilikuwa nimefurahi.

Anaeli alikuwa mferejini anachota maji. Aliponiona aliacha ndoo.

"Shikamoo mama. Zimeungua?"

"Anaeli," nikasema, "Baba yako Gidioni haoni."

Nilitarajia ashtuke. Nilitaka mtu mwingine ashtuke nami. Yeye aliinamisha kichwa.

"Sisi tulidhani unajua, mama."

"Sisi nani?"

"Watu. Wote wa huku."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Alimpita baba mkwe wangu njiani bila kumwamkia, na wao walitahiriwa pamoja. Baba mkwe akakasirika, kisha akaelewa. Ndipo tukaanza kujitaja."

Mae! Kujitaja! Tangu Pasaka kila anayepita kwetu alikuwa akimwita mume wangu meku, yaani mzee, na kusema, "Shikamoo meku, ni mimi Isack," "Shikamoo meku, Eunike wa kule juu." Nami nilikuwa nasifu, nasema watoto wa siku hizi wamerudi kwenye adabu. Eliaichi alikuja akang'oa kisiki kwenye njia yetu, akasema anahitaji kuni. Mzee wa kanisa alianza kutaja ubeti wa kwanza kabla ya wimbo, nikadhani ni kwa ajili ya wageni. Mimi ambaye mtu akinipa chumvi namkumbuka mwaka mzima, wema wote huo ulipita mlangoni kwangu na sikujua ni wa nini.

"Na wewe ulinyamaza," nikamwambia.

"Ningeanzaje, mama? Mume ni wako."

Nilimkuta Gidioni barazani anachambua maharage kwa vidole. Aligeuza kichwa pembeni kidogo, kama kuku anavyokutazama, na hapo nikaona kwamba amekuwa akinitazama hivyo muda mrefu.

"Mama Evelyn, soko lilikuwaje?"

Nilimwekea bahasha magotini. "Sikwenda soko. Nimekwenda kusafisha picha zako."

Vidole vilisimama.

"Zimetokaje?"

"Ziangalie."

Hakuifungua bahasha.

"Ni macho yote?" nikauliza.

"Katikati tu. Kuna doa, kama mtu amebandika majivu. Nikikutazama usoni, uso haupo. Nikitazama sikio lako, nakuona kidogo. Daktari kule mjini alisema huenda ni barafu na jua la miaka mingi, huenda ni uzee. Dawa hana. Alisema pembeni patabaki."

"Ulikwenda kwa daktari na nani?"

"Na Eliaichi."

"Na barua kwa Evelyn, ya habari za boti?"

"Aliandika Anaeli."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka arobaini na minne! Nimemzalia, nimemwosha miguu akirudi mlimani na malengelenge, na nimesomewa habari zake na mpiga picha wa Kiboriloni!

"Kwa nini, Gidioni?" Nilimwita jina lake, kitu ambacho sifanyi. "Kila mtu, isipokuwa mimi?"

"Hao wengine sikuwaambia. Waligundua. Wewe ningekuambia, ungefuta safari siku hiyohiyo."

"Na ningekosea? Unipeleke Tanga, nikupandishe kwenye boti, ukatazame nini? Ndege mmoja hapo mgombani umeshindwa! Hata mimi umeshindwa, Baba Evelyn, mimi niliyesimama mlangoni kama nguzo!"

Nilijuta palepale. Lakini hakukasirika. Aliweka ungo chini, akaunyoosha mkono hadi akaupata wangu.

"Ndege mmoja sitamwona tena," alisema. "Hilo nimeshalilia, kule kwenye zizi, wewe ukiwa kwenye kwaya ya akina mama. Ndege mmoja kwenye jani anataka katikati. Lakini kitu kinachotembea pembeni nakiona. Mbuzi akikimbia namwona. Watu wakitoka kanisani wote kwa pamoja nawaona, kama maji yanayomwagika. Sasa fikiria mchanga mweupe, na ndege maelfu. Maji yanapoanza kutoka wanainuka wote kwenda kula. Nilimuuliza mwenye boti kwa barua: hatuwatishi, tunawasubiri tu wainuke wenyewe. Wakiinuka watakuwa juu, kushoto, kulia, kila mahali. Sihitaji katikati, Yuditha. Ndio ndege waliobaki ninaoweza kuwaona."

Naye aliniita jina langu. Nilikuwa nimedhani safari ile ni tamaa ya mzee aliyekosa kazi, nikamcheka na soksi zake.

"Na doa linakua?" nikauliza.

"Linakua."

"Na picha?"

"Nilitaka kujaribu kama mkono utaweza peke yake. Umeniletea jibu." Akaigusa bahasha. "Niambie ukweli, wewe ulitokaje?"

"Kiwiko," nikasema.

Alicheka, na mimi nikacheka huku machozi yanashuka, na ng'ombe zizini akajibu kana kwamba tumemwita.

Kulikuwa bado kweupe. Niliingia ndani nikachukua daftari na kalamu, nikakaa karibu naye, upande wa kushoto, ule ambao kila kitu kilikuwa kimejificha kwenye picha zake. Nilimwambia barua ya Evelyn safari hii naiandika mimi, na Januari iwe Desemba, siku tatu baada ya Krismasi watu wakishatawanyika.

"Boti ya Januari imeshapangwa," akasema.

"Basi wapange upya. Doa halingoji Januari."

Alinitajia maneno, nami nikaandika pole pole, maana mwandiko wangu ni wa darasa la nne: salamu, siku ya kufika, saa ya maji kujaa, kwamba tukae mbali na fungu na tuzime mashine. Herufi zilikuwa zinapanda mlima. Aliponyamaza mimi nikaendelea kuandika.

"Kalamu imekwenda mbali," akasema. "Umeweka nini hapo?"

"Nimeweka kwamba baba yake haoni katikati, kwamba kamera nitashika mimi, na kwamba mtu amshike mkono anapoingia kwenye boti, mchana kweupe, bila kujificha."

Nilidhani ataniambia nifute. Nilikuwa tayari kukataa.

"Soma."

Nikamsomea yote, tangu salamu.

"Ongeza," akasema, "kwamba miguu yangu bado ni mizuri kuliko ya mama yake."

Nikaongeza.